Ukuta Ulionisahaulisha Soko

Kosa langu lilinigharimu kreti mbili za soda, jogoo mmoja mwekundu na kikundi kizima cha wanawake. Soda nilizihesabu mara mbili. Jogoo alikuwa mmoja, hakuhitaji kurudiwa. Kikundi sikukihesabu kabisa, na hasara yangu ilikuwa hapo.

Nakumbuka ilikuwa kiangazi, masika yakikaribia, nami nikiwa bado mke mpya huku mlimani, upande wa Birongo. Lakini mwanangu, usinikimbize. Niache kwanza nimtaje mjukuu wangu Ombati, maana yeye ndiye aliyenifanya nishike kalamu.

Majuzi Ombati alikwenda Kisii mjini kumsikiliza bwana mmoja anayezungumza kwa kiingilio. Alirudi jioni na sauti ambayo si yake, akaniambia, "Magokoro, leo nina motisha mpaka masikioni." Magokoro ni mimi, bibi yake. Akakusanya vijana wenzake, akawagawia fulana, wakapanda miche kando ya kijito chetu kinachokauka. Jumamosi ya kwanza walikuja wote kumwagilia. Jumamosi ya pili walikuja nusu. Ya tatu alikuja Ombati na fulana yake. Miche ikaanza kunyauka, naye akaja kwangu akitaka nimsaidie kununua chakula cha mchana, ili wenzake warudi.

Nikamuuliza, "Na chakula kikiisha?"

Akaanza kuhesabu kwa vidole. Hajui kupatana bei, huyo mtoto. Nikamwambia aketi, nikamsimulia haya ninayokuandikia wewe.

Wakati ule tulikuwa na egesangio, yaani kikundi cha wanawake wanaolimiana mashamba kwa zamu. Leo kwangu, kesho kwako. Mwenye shamba anapika uji wa wimbi, wengine wanakuja na majembe na nyimbo, na hakuna anayelipwa. Mwaka huo tulikubaliana tujenge kingo za mawe mlimani, kwa sababu kila masika maji yalishuka na udongo. Mvua iliyotangulia ilikuwa imefukia nusu ya migomba yangu, na migomba hiyo ndiyo iliyolisha kibanda changu cha ndizi kule sokoni Keroka. Mvua nyingine kama ile ingenirudisha kwetu Marani na mkeka kichwani, nikakaribishwe vizuri siku ya kwanza tu.

Kazi ya mawe ni nzito na haionekani inasonga. Mimi nilikuwa nimefunzwa na stendi ya Keroka, ambako hata mtu wa kukuinulia mkungu anatazama kwanza mkono wako una nini. Nikaona hawa wanawake wanahitaji kuamshwa. Nikaleta soda. Nikatangaza kwamba atakayejenga kipande kirefu zaidi kufikia Ijumaa ataondoka na jogoo wangu.

Mwanangu, walifanya kazi. Mawe yaliruka kama mahindi kwenye kikaango. Ijumaa jogoo alikwenda na Kwamboka, jirani yangu mwenye mdomo mwepesi, ambaye alimkumbatia kwapani na kuniuliza kama wiki ijayo ni mbuzi. Tulicheka sote. Yeye alicheka kidogo kuliko sisi.

Wiki iliyofuata zamu ilikuwa ya mama mwingine, na kabla hajashika jembe walimuuliza kuna nini cha kunywa. Alikuwa na uji. Walikunywa uji kama watu waliokosewa, wakaondoka mapema. Wiki ya pili walikuja wachache. Ya tatu, kila mtu alikuwa kwake. Kikundi kilichowalimia watu tangu kabla sijaolewa, mimi nilikimaliza kwa kreti mbili. Halafu mvua ndogo tu, ya kupita, ikaushusha ukuta wa Kwamboka alasiri moja. Ulikuwa mrefu, kweli, lakini haukuwa na msingi. Jogoo hakuuliza habari za msingi.

Juu kabisa ya mlima aliishi Bosibori, mjane mzee, mkubwa wetu sote. Nilipanda kwake nikiwa na mpango kwamba yeye aseme nao, kwa kuwa yeye wasingemkatalia. Nikamkuta peke yake, ameinama, anapanga mawe. Aliweka moja, akarudi nyuma, akainamisha kichwa, akaliondoa, akaligeuza, akaliweka tena. Hakuna aliyekuwa akimtazama.

"Mong'ina," nikamwita, kwa heshima ya umri wake, "kazi yote hii, nani anakulipa?"

"Wewe. Si nilikunywa soda yako?"

"Soda iliisha zamani."

"Ndiyo shida yake," akasema. "Kerubo, ulitununua kwa bei nzuri, mimi silalamiki. Ila sasa wote wako nyumbani wanangoja uwanunue tena."

 Akanionea huruma, akaniketisha juu ya jiwe. Akaniambia kwamba ile siku ya mvua iliyoshusha ukuta wa Kwamboka alisimama mlangoni akiangalia maji. Yalishuka kwa nguvu, yalipofika chini ya jabali moja kubwa lililo pale juu yakageuka kidogo yenyewe, kama mtu aliyekumbuka kitu njiani.

"Hapo nikauona ukuta," akasema. "Ukiwa umekwisha. Haukunyooka kama tulivyokuwa tukijenga, unapinda na mlima. Tangu siku hiyo siwezi kukaa nyumbani. Uko pale, na hakuna anayeuona ila mimi."

Nikamwambia anionyeshe. Akanyoosha kidole. Niliona mawe na nyasi. Akanipa jiwe, akaniambia niliweke mahali linapotaka kukaa. Nikaliweka, akaliondoa, akasema maji yangekasirika hapo. Nikaweka lingine. Akaliondoa. Sijui lilikuwa la ngapi alipoliacha. Niliinua macho, na mwanangu, nikauona. Ulikuwa kama mtu uliyekuwa ukimtafuta sokoni, na kumbe amesimama mbele yako muda wote. Mpindo ulianzia jabalini, ukapita juu ya migomba yangu, ukaishia kule kwenye mkondo wa kijito.

Siku ile ilikuwa siku ya soko Keroka. Ndizi zangu zilikuwa zimekatwa, zimefungwa, ziko mlangoni. Nilizikumbuka jua likiwa limeshuka nyuma ya kilima cha pili. Mimi Kerubo, ambaye hata mchungaji akinirudishia chenji naihesabu mara mbili mbele yake, nilisahau soko. Zikaiva, watoto wa jirani wakazila, na wala sikuwafukuza.

Hatukumwita mtu. Kwamboka ndiye aliyekuja wa kwanza, kutucheka. Akasimama, akauliza kwa nini ukuta wetu umelewa. Bosibori hakueleza, alimkabidhi upande mmoja wa mtaimbo, waling'oe jiwe pamoja. Kesho yake Kwamboka akarudi kabla yetu. Akaja mwingine, na mwingine. Siku nyimbo ziliporudi ndipo nilipojua egesangio imefufuka. Nilipika uji, wakaunywa, hakuna aliyefungua kifuniko cha sufuria kuona kama kuna kingine.

Masika yalipofika tulitoka na magunia vichwani, tukasimama kwenye mvua kama watu wasio na nyumba. Maji yakashuka, yakafika jabalini, yakageuka. Yalifuata ule mpindo polepole mpaka kijitoni, na migomba yangu haikupoteza hata kiganja cha udongo.

"Yametii," Kwamboka akasema.

 Bosibori alitabasamu kama mwenye nyumba aliyepokea mgeni wake.

Ukuta ule ungali pale. Bosibori amelala chini yake siku nyingi sasa. Watu wametoka mbali kuja kuutazama, nami huwaonyesha mawe niliyoyaweka kwa mikono yangu, na kila mwaka yanaongezeka kidogo. Najivuna, na sitaki kuponywa.

Sasa sikiliza, mwanangu. Motisha si kitu kibaya. Itakuamsha Jumatatu yenye baridi, itakutoa kitandani, na mimi sijawahi kumcheka mtu anayefanyia kazi chakula. Lakini inatoka kwa mwingine, na siku akifunga mkono, nawe unafunga wako. Ilhamu ni kitu kingine. Hutaipata kwa kiingilio, na ukiiita haiji. Ilimjia Bosibori akiangalia maji. Ikanijia mimi nikiwa na jiwe mkononi, limekataliwa mara kadhaa. Kwa hiyo chafua mikono na uangalie vizuri, isije ikapita ikakukosa. Utaijua siku utakaposahau kuhesabu. Na ukishaiona, usiihubiri. Mpe mwenzako upande mmoja wa mtaimbo.

Ombati sikumpa chakula cha mchana cha watu. Nilimpandisha mlimani, nikamuuliza alipopanda miche ile aliona nini. Alifikiri sana, akakiri aliona fulana. Jumamosi iliyopita alishuka kijitoni peke yake, akakaa akiangalia maji yanavyopotea mchangani. Alirudi gizani, matope mpaka magotini, anachora kitu kwa kijiti kwenye ua wangu, na ugali wake ulikuwa umepoa mezani. Niliutazama ule ugali mara mbili. Haukuguswa. Nikaenda kulala nikiwa na furaha.

Mungu akupe macho ya kuona kitu kabla hakijawa, na mgongo wa kukibeba mpaka kiwe. Akupe majirani wa kushika upande wa pili.

Nami nina shida moja. Tangu barabara mpya ipite juu ya jabali, maji yanashukia upande ambao hatukuujenga, na kila mvua inaponyesha nauona ukuta mwingine pale, umekwisha, unapinda kushoto. Magoti yangu yamekataa kupanda na mawe. Je, nimngoje mwingine auone, au nianze na jiwe moja dogo? Nishauri, mwanangu. Ila njoo unishauri ukiwa huku juu, mvua ikinyesha.