Saisi wa Nyange

Kaloki alifika Nairobi kutoka Kitui akiwa na miaka kumi na tisa, akitafuta kazi yoyote, akapewa ya kuzoa mavi ya farasi. Punda aliwajua tangu utotoni, lakini farasi hakuwa amewahi kumwona. Siku ya kwanza mmoja alimkanyaga mguu ukucha ukang'oka, na jioni alipofika Kawangware, kwenye chumba alichokaa na kakake, alisema harudi tena. Alirudi. Miaka thelathini baadaye alikuwa bado anatoka Kawangware kwa miguu kila asubuhi, anakatiza mtaa wa Satellite hadi mabanda ya farasi ya mwajiri wake, Mzee Kagiri, upande wa msitu. Siku hizo alikuwa saisi, mtunzaji wa farasi anayeheshimika, na mnyama aliyewashinda wengine aliletwa kwake.

Ndivyo alivyoletewa Nyange. Alikuwa farasi jike wa miaka minne, miguu mirefu, mwendo wa madaha kama wa ndege mwenye jina hilo. Kagiri alimnunua ili binti yake, Tabby, ashindane naye kwenye maonyesho ya kuruka viunzi. Kuruka hakukuwa shida. Shida ilikuwa kumfikisha huko. Mahali alikotoka, watu walimpandisha lori kwa kumchapa na mpira wa maji, na tangu hapo akiona lori alitetemeka na kutoa jasho hadi tumboni.

"Huyu wamemharibu," Kagiri alisema. "Jaribu mwezi mmoja. Ukishindwa, nitamuuza."

"Mwezi ni kidogo, mzee."

"Basi anza leo."

Kaloki aliomba lori liegeshwe uwanjani, milango wazi, injini imezimwa. Akawa anamlisha Nyange hatua hamsini kutoka hapo. Kesho yake arobaini na tano. Zilipita siku kumi kabla farasi hajafika kwenye ubao wa kupandia. Alipoweka kwato ya kwanza, ubao ulilia, naye akaruka nyuma kwa nguvu hadi kamba ikamchubua Kaloki viganja vyote viwili.

"Uncle, si umvute tu kidogo?" Tabby alimuuliza. Alikuwa na miaka ishirini na mbili na maonyesho yalikuwa yanakaribia.

"Nikimvuta leo ataingia," Kaloki alisema. "Lakini kesho ataniogopa mimi pia."

Siku Nyange alipoingia mwenyewe, Kaloki hakufunga mlango. Alikaa ndani juu ya ndoo iliyopinduliwa, akafungua mkebe wake wa githeri, mahindi na maharagwe, akala taratibu huku farasi akimnusa nywele. Baada ya siku kadhaa aliufunga mlango nusu, kisha wote. Kisha akamwambia dereva awashe injini bila kwenda popote. Mwishowe walienda hadi Satellite na kurudi, Kaloki akiwa amesimama nyuma, mkono juu ya bega la Nyange, akimsimulia habari za nyumbani kwake ili sauti isikatike: Yvonne, binti yake, amekosa kazi tena, paa linavuja juu ya kitanda, kule Kitui mvua bado.

Makelele nayo yalikuwa na dawa yake. Kila Jumapili alimtembeza hadi karibu na mtaa wa Ayany, makanisa yakiwa yamefungulia spika na ngoma, akamwacha asimame asikilize mpaka aanze kula nyasi za kando ya barabara.

Mukai, mkewe, alikuwa fundi wa nguo pale Kawangware. Aliyasikia haya yote kwa wivu kidogo. "Baba Yvonne," alimwambia siku moja, "wewe nyumbani husemi. Eti farasi ndiye unamwambia mambo yetu?"

Kaloki alicheka. Ni kweli hakuwa mtu wa maneno.

Mwezi haukutosha, lakini Kagiri alivumilia wa pili. Kwenye maonyesho ya kwanza Nyange alishuka kwenye lori akiwa mkavu. Kipaza sauti kililia, bendera zikapepea, akasimamisha masikio tu. Aliruka viunzi vyote bila kuangusha hata kimoja. Tabby alitoka uwanjani akilia kwa furaha, akamkumbatia Kaloki na jasho lake lote. Wengi waliona siku hiyo, na mmoja wao, mwenye shamba la farasi huko mbali upande wa mlimani, alimtaka Nyange. Kagiri alikubali kumuuza.

Kaloki aliambiwa siku moja kabla. Asubuhi yake alimpiga brashi kwa muda mrefu kuliko kawaida, kisha akamwongoza hadi kwenye lori la wageni. Nyange alipanda bila kusita. Hakuna aliyelazimika hata kugusa kamba. Watu waliokuwa pale walisifu, na Kaloki akaona afadhali angekataa kama zamani.

Alimwendea mfanyakazi aliyekuja kumchukua. "Mwache aangalie kwanza kabla ya kufunga mlango. Usimfunge kamba fupi. Na mtu akae naye nyuma, amwongeleshe."

"Sawa, mzee, sawa," yule alisema, macho kwenye simu.

Mwaka mmoja ulipita. Tabby ndiye aliyempa habari kwamba Nyange anarudi Nairobi kwa maonyesho makubwa. Siku hiyo Kaloki alivaa shati lililopigwa pasi, na Mukai, ambaye miaka yote hiyo hakuwa amewahi kumwona farasi kwa karibu, alifunga cherehani akasema leo wanaenda wote. Alibeba karoti kwenye mfuko. Walipanga kumngoja mlangoni mwa uwanja.

Saa nane mchana, wakiwa pale mlangoni, simu ya Kaloki ililia. Alikuwa Tabby.

"Uncle, uko wapi? Kuja huku nyuma, kwa malori. Kuja haraka."

Lori lilikuwa limekwama kwenye jam ya Ngong Road zaidi ya saa mbili, pikipiki zikipiga honi kila upande. Nyange alikuwa amefungwa kamba fupi, peke yake. Alipopata wasiwasi alirusha mateke, akateleza, mguu wa nyuma ukaingia kwenye kizuizi ukavunjika juu ya goti. Sasa alikuwa amelala sakafuni mwa lori na kila aliyekaribia alitishiwa kwa kwato na meno. Daktari wa mifugo alisimama nje na sindano. Mguu ule haukuwa wa kupona.

"Nani alikuwa naye nyuma?" Kaloki aliuliza.

Alivua viatu akapanda. Alianza kuongea kabla Nyange hajamwona, na wote waliokuwa nje waliona masikio ya farasi yakigeuka. Akaacha kupiga teke. Kaloki alikaa sakafuni, akakiweka kile kichwa kizito mapajani, akaendelea kwa sauti ileile. Yvonne amepata kazi duka la dawa. Paa tulibadilisha mabati. Kitui mvua imenyesha, mbaazi zimezaa. Mukai yuko hapo nje, amekuletea karoti, mwaka mzima nilikuwa nataka mwonane.

Mukai, aliyekuwa amesimama kando ya gurudumu, aliziba mdomo kwa leso.

"Sasa, daktari," Kaloki alisema. "Kuja polepole upande wangu."

Alikaa naye hata baada ya pumzi kwisha, mpaka Tabby alipopanda akamshika mkono. Walirudi nyumbani kwa miguu, yeye na mkewe.

Wiki iliyofuata hakwenda kazini, wala ile nyingine. Sasa analinda lango la nyumba za kupanga huko Satellite. Tabby alimpigia mara tatu kumweleza kuhusu farasi mwingine mchanga anayeogopa lori. Mara zote alisema atafikiria.

Jumamosi moja Mzee Kagiri alikuja mwenyewe hadi Kawangware. Mukai alimpa kiti na kumwekea chai. Wanaume hao wawili waliongea kuhusu barabara inayochimbwa na bei ya unga. Chai ilipoisha Kagiri alisimama, akashika kofia yake mikononi kama mtu aliyetaka kumwomba Kaloki arudi kazini, kisha akaaga.

"Asante kwa chai, Mama Yvonne," alisema, na Kaloki akamsindikiza hadi barabarani.