Aliyenichagulia Meza ya Pikipiki Bungoma

Ukitaka kucheka, cheka sasa tumalizane, kwa sababu nikishaanza sipendi kukatizwa. Haya sikusimuliwa na mtu. Niliyaona mwenyewe mchana, macho makavu, na tumboni sikuwa na kitu ila chai ya asubuhi. Meza yenyewe iko nyuma ya nyumba yangu hapa Kitale, njia ya kwenda Endebess. Ukipita nitakuonyesha, na uiguse kama unataka.

Mimi ni fundi wa pikipiki. Gereji yangu ni banda la mabati hapo nyumbani, na miaka yote ya kazi sikuwa na chombo chochote cha kuinulia pikipiki. Nilikuwa na kreti ya soda na mke wangu Nekesa. Yeye alikuwa mtu wa Bungoma, mimi watu wangu walikuja huku Trans-Nzoia kutoka Murang'a, na mahari yake ilizua maneno ambayo leo si ya kusimulia. Pikipiki ikiletwa, Nekesa aliegemeza nyonga kwenye kiti, mkono mmoja kwenye keria ya mizigo nyuma, mwingine kwenye tangi, akaivuta juu na kusema, "Haya!" Hapo nami nasukuma kreti chini ya injini. Vijana wa boda walimtania ati yeye ndiye jeki ya hii gereji. Alicheka kuwashinda.

Siku aliyokufa alikuwa anaenda dukani. Nilikuwa nimelala chini ya pikipiki, mikono imejaa grisi, nikamwambia bila hata kugeuza kichwa, "Usisahau sabuni." Basi, ni hayo tu. Alianguka njiani, wakasema ni presha, na nilipofika hospitali nilimkuta ameshafunikwa shuka. Hebu fikiria. Unaishi na mtu, mnalea mtoto, mnakula njaa pamoja na kushiba pamoja, halafu neno lako la mwisho kwake ni sabuni! Tangu hapo nilimwomba Mungu kitu kimoja. Sikuomba amrudishe, hata mimi najua mipaka yangu. Niliomba dakika chache za kuongea naye vizuri, nimwambie asante, nimwambie nampenda, maana hilo neno sikuwahi kulitamka mbele yake hata siku moja. Niliomba hivyo kila siku nikilia, na sioni haya kusema nililia.

Kazi niliendelea nayo peke yangu. Nilishika pikipiki upande mmoja, nikaivuta, nikasukuma kreti kwa mguu. Na zilikuwa nyepesi, ndugu yangu. Hata zile kubwa za mizigo zilipanda kama baiskeli. Wateja walinishangaa wakisema mzee bado una nguvu. Mimi nilifikiri ni uchungu, kwa sababu mtu mwenye uchungu anaweza kubeba hata nyumba. Sikujiuliza zaidi.

Ni binti yetu Shiru aliyenishika masikio. "Baba, utavunjika mgongo na sina mzazi mwingine. Nunua ile meza ya kuinua pikipiki." Nikaanza kutafuta. Mjini Kitale niliona moja mpya, nyekundu, inang'aa, lakini niliposikia bei nilirudisha mikono mfukoni na kuuliza njia ya kutokea. Nikaambiwa kuna ya mtumba huko Suam, imevushwa kutoka Uganda. Hiyo ilikuwa rahisi kweli, ila ukiitikisa inacheza miguu, na jeki yake ilikuwa imelia oili mpaka sakafu ikalowa. Mwishowe mteja mmoja akaniambia kuna fundi wa kuchomea vyuma Bungoma anayezitengeneza mwenyewe, meza imara, bei ya mtu wa kawaida.

Bungoma! Sikuwa nimekanyaga huko tangu tumzike Nekesa. Unajua kwa nini? Kwa sababu ya sauti. Ukishuka pale sokoni kila mama anaongea kama yeye, ile L na R zinabadilishana viti, ule mvuto wa maneno, kile kicheko. Tulipokuwa tukipanga mazishi nilipita huko, niligeuka nyuma nikidhani nimeitwa naye, nikamkuta mama anauza ndizi. Niliumia sana. Kwa hiyo safari hii niliingia nimejifunga moyo. Nilijiambia, leo nikisikia sauti yake sigeuki, maana si yeye, ni Bungoma tu inaongea. Shika hapo, kwa sababu hapo ndipo nilipojimaliza.

Nilienda na pikipiki yangu ili niijaribishe juu ya meza. Fundi alikuwa jamaa mchangamfu anayeitwa Wafula. Alinionyesha meza mbili, moja ya bei ya chini na nyingine iliyozidi kidogo. Kabla hajamaliza maelezo, stima ikapotea, grainda ikanyamaza, na manyunyu yakaanza. Wafula akaniambia, "Angalia tu bila haraka, mzee. Wacha nikule hapo kwa kibanda nikirudi tuongee." Akavuka barabara.

Nikainama juu ya ile ya bei ya chini. Ndipo nikasikia nyuma yangu, "Hiyo usichukue, mzee."

Alikuwa mama mwenye aproni ya turubai, na usoni amevaa ile barakoa nyeusi ya kuchomea, yenye kioo cha giza. Nilijua ni mfanyakazi wa pale. Sasa niambie, mtu amevaa barakoa ya kuchomea na stima imepotea, wewe si ungeshangaa? Mimi sikushangaa. Na sauti ilikuwa ile ile, nikajiambia, Bungoma hiyo inaongea, usigeuze moyo.

"Kwa nini nisichukue?" nikamuuliza.

"Haina pini ya kuifungia ikishapanda. Jeki ikichoka, pikipiki inakukujia na wewe umerara chini. Si unapenda kurara chini?"

Nikacheka. Nani asiyejua mafundi hulala chini?

Akagonga meza ya pili. "Chukua hii. Iko na pini, iko na kishikio ya kubana gurudumu ya mbere. Lakini ambia fundi ahamishe pedari ikuwe kushoto. Hiyo goti yako ya kuria itasumbua."

Nilidhani ameniona nikichechemea. Baadaye nilikumbuka kwamba goti hilo hunisumbua wakati wa baridi tu, na siku hiyo nilikuwa natembea sawasawa.

Akaniuliza, "Saa hii nani anakushikia pikipiki?"

"Hakuna."

"Hakuna?"

"Hakuna mtu, mama. Ni mimi na kreti yangu."

Nilisikia manyunyu kwenye mabati. Halafu akasema polepole, "Basi chukua hii meza, mzee. Mwenye anashika amechoka."

Nilifikiri ananizungumzia mimi. Tukapandisha pikipiki juu ya ile meza ya pili. Akaegemeza nyonga kwenye kiti, mkono mmoja kwenye keria, mwingine kwenye tangi, akasema, "Haya!" Nikakanyaga pedali, meza ikapanda vizuri kabisa, nikaingiza pini. Na badala ya kumtazama aliyeshika pikipiki yangu kwa namna ile, unajua nilifanya nini? Nilipiga magoti nikaingiza kichwa chini ya meza kuchungulia jeki. Si nilikuwa nimeona ile ya Suam ikivuja!

"Hii haivuji oili?" nikauliza nikiwa huko chini.

"Haivuji."

"Oili yake ni ya kawaida, ama ni ya kuagiza?"

"Ni ire ya kawaida."

"Na mpira wa ndani ukiisha, Kitale unapatikana?"

"Unapatikana." Kisha akaniuliza, "Uko na ringine unataka kusema?"

Nami, kichwa changu chini ya chuma, nikamjibu, "Hapana mama, ni hayo tu."

Nilipoinuka hakuwapo. Nilidhani amekwenda kula kama mwenzake. Wafula aliporudi nilimwambia nachukua ya pili, ila ahamishe pedali kama alivyosema yule mama anayemfanyia kazi. Akaniangalia. "Mama gani? Hapa niko pekee yangu. Nilikuona kutoka kwa kibanda ukiwa umepiga magoti unaongea, nikajua ni simu." Barakoa ilikuwa imetundikwa ukutani kwenye msumari, imejaa vumbi.

Nikageuka kuishusha pikipiki yangu. Kwenye keria, chini ya mpira wa kufungia mizigo, kulikuwa na kipande cha sabuni kimefungwa kwa gazeti.

Nilikaa chini kwenye vumbi la chuma. Kisha nikatoka mbio. Nilikimbia mvuani kuelekea sokoni nikiita, "Nekesa! Nekesa!" na kila mwanamke niliyemshika mkono alinijibu kwa sauti yake. Mmoja aliniita baba akanipa kiti. Mwingine alisema huyu amerewa, mwacheni. Sikuwa nimelewa, niamini. Nilikuwa na lingine la kusema, nilikuwa nayo mengi, na hakukuwa na wa kuyapokea.

Wafula alihamisha pedali, na pikapu ikaileta meza hadi Kitale. Ni meza nzuri, sina la kulalamika. Inapanda, inashuka, haivuji hata tone. Lakini jioni ya kwanza nilipomaliza kazi nilichukua tena kreti yangu, nikashika pikipiki ndogo kabisa ya kijana wa jirani, nikaivuta kama nilivyokuwa nikivuta miezi yote ile. Haikuinuka. Nikajaribu tena nikisema "Haya!" kwa niaba yake, ikaniteleza ikaniangukia mguu wa kulia. Shiru alinikuta hapo nimekaa nalia, akadhani ni mguu. Ndipo nilipoelewa kwamba tangu tumzike hakuwa amekwenda popote. Alikuwa ameshika upande wa pili, kila siku, mpaka akachoka, akaja kunichagulia meza ili akapumzike. Na mimi nilimwambia usoni kwamba hakuna mtu.

Sabuni bado ninayo, juu ya kabati, katika gazeti lake. Shiru aliuliza tuitumie au tuitupe, nikamkataza yote mawili. Mguu ulipona ila nachechemea kweli sasa, na pedali iliyo kushoto inanifaa sana. Kila nikiikanyaga namwambia asante, nampenda, namwambia yote. Meza inapanda tu.

Wewe unayenisikiliza, ukikutana na mtu anayejua goti lako linaloumwa kabla hujamwambia, acha mambo ya oili. Toa kichwa chako chini ya meza umtazame. Na akikuuliza kama una lingine la kusema, tafadhali, usimjibu kwamba ni hayo tu.