Majani juu ya Simenti

Nilizaliwa Ntoto, katikati ya misitu. Nilipoolewa, bwana wangu alinipeleka Ngungu, alikofanya kazi kwenye shamba la pareto la Mzungu. Tulipewa nyumba ya kambi: sakafu ya simenti, mabati juu, kuta za chokaa. Wengine walituonea wivu. Mimi baridi ya ile sakafu ilinipanda mpaka kifuani.

Mtoto wetu wa kwanza alikufa wakati wa mvua. Sikulia. Nilichoka tu. Nilishinda nimelala, nasikiliza mvua juu ya mabati, moto siwashi. Bwana wangu akirudi kazini alipika viazi mwenyewe, mlango ameufunga majirani wasimwone.

Mwishowe akamwita mama yake kutoka Karuba, mwanamke aliyekulia kwenye ng'ombe. Aliingia, akainama, akagusa sakafu kwa kiganja.

"Hapa njo munalalaka? Hii iko jiwe, haiko nyumba."

Kesho yake alirudi na mzigo wa majani mabichi ya malishoni, akaanza kuyatandaza chini kama wafanyavyo kwao. Nikakasirika.

"Mama, mimi siko ng'ombe."

"Ninajua. Ng'ombe inakulaka. Weye haukule."

Kicheko kilinitoka bila kutaka, na nyuma yake kikaja kilio, kile kilichokwama tangu maziko. Hakuninyamazisha. Nilipotulia akauliza, "Na kwenu, munatandikaka nini?"

Nikamwambia: mikeka ya mama yangu, na gome la mti fulani linalonukia, tunaloliweka karibu na moto. Akaviagiza kwa wachuuzi wa mawese waliokuwa wakipitia Ntoto. Vilipofika, mkeka ulikuwa umelowa na gome limevunjika vipande, lakini harufu ilikuwa ile ile. Usiku ule nililala usingizi.

Kapita, msimamizi wa kambi, alipokuja kukagua nyumba alifoka kwamba majani yanaleta viroboto. Tuliyatoa. Alipoondoka tukatandaza mengine.

Siwezi kusema nilipona. Nilizaa tena, nikacheka tena, na uchovu ule ukanifuata miaka yote ya Ngungu. Lakini majani juu ya simenti huoza upesi, lazima kuyabadilisha, na mama mkwe alikuwa amekwisha kurudi Karuba. Basi asubuhi nilipanda kilimani mwenyewe na mundu, nikakata, nikashuka na mzigo uliolowa umande mgongoni, nikipumzika kila mahali penye jiwe la kukalia.