Mama wa Bei

Chama chetu cha kuuguzana kilikuwa cha wanawake wa Kariakoo, wengi wetu wapangaji wa chumba kimoja kimoja. Kila mwezi tulitoa mchango, na mwanachama au mtu wa nyumbani kwake akiugua, chama kilimnunulia dawa. Ilikuwa miaka ya hamsini, na dawa zilikuwa zikipanda bei kila kukicha. Kwa kuwa nilikuwa nimesoma madarasa machache, nilipewa kazi ya kupita madukani kuuliza bei, tujue kama mchango bado unatosha.

Kazi hiyo niliionea haya tangu mwanzo. Duka kubwa la dawa lilikuwa la Mhindi mmoja aliyeishi Upanga, mtu mpole lakini mwenye sauti ya kufika barabarani. Nikiingia tu, anasema, "Karibu, mama wa bei! Leo tena utauliza na kuondoka?" Wateja wanacheka. Mimi najivutia khanga usoni, nauliza vidonge vya homa, dawa ya kuhara, dawa ya kifua, kisha natoka mikono mitupu.

Mwaka mmoja, wakati wa masika, dawa ya kifua ilipanda karibu mara mbili. Nikalieleza hilo kikaoni, uani kwa kiongozi wetu, bibi aliyekuwa akiuza mafuta ya nazi sokoni. Wenzangu waliguna, wakabishana, mwishowe wakakubali kuongeza mchango. Jirani yangu, muuza maandazi, alitoa wa kwake huku akisema wanawe sasa watakunywa chai ya rangi bila sukari.

Wiki ileile mume wangu akaangushwa na kichomi. Alikuwa kuli bandarini. Alirudi amelowa chapachapa, na kulipokucha hakuweza kuvuta pumzi bila kushika ubavu. Hospitali ya serikali walimpima, wakamwandikia dawa iliyokuwa imewaishia. Ilikuwa hiyohiyo ya kifua.

Nilikaa kitandani karibu naye, nisiinuke.

"Unangoja nini?" akaniuliza. "Wewe si mwanachama?"

"Watasema nilijua."

"Ulijua nini?" Kikohozi kikamkata.

Nikaenda. Bibi alinipa hela bila swali, nikanunua dawa, mume wangu akaanza kuinywa siku hiyohiyo. Kesho yake nilipofika bombani kuteka maji, nilimkuta muuza maandazi akimwambia mwenzake, bila kunitazama, "Kumbe bei imepandishwa na mwenye mgonjwa." Niliondoka na ndoo yangu haijajaa.

Maneno yalimfikia bibi. Akawakusanya wanawake, akaja nao mlangoni kwangu. "Vaa, twende dukani."

"Niache, bibi. Hela nitairudisha polepole."

"Urudishe ya nini? Kwani umekopa?"

Tukaenda. Mimi nilisimama nyuma kabisa. Bibi akauliza bei ya dawa ya kifua, na mwenye duka akataja ileile niliyoipeleka kikaoni. Akaulizwa ya zamani, akaitaja. Kisha akaniona.

"Mnaniuliza mimi, na mama wa bei mnaye? Yeye anazijua kuliko mimi!"

Hakuna aliyecheka. Muuza maandazi aliinamisha macho. Nilikuwa nimetakaswa mbele ya wote, lakini nilijiona kama mtu aliyepekuliwa nguo barabarani: hata asipokutwa na kitu, amekwisha vuliwa.

Jioni jirani yangu alikuja na sahani ya maandazi iliyofunikwa. "Nisamehe, ndugu yangu. Ugumu wa hela ulinisemesha."

"Yameisha," nikamjibu. Moyoni hayakuisha. Mume wangu alipona, akarudi bandarini. Niliomba kazi ya bei apewe mwingine, bibi akakataa katakata, nikaendelea nayo. Lakini kila niliposema kikaoni kwamba kitu kimepanda, niliongeza, "Nendeni mkaulize wenyewe," ingawa hakuna aliyebisha tena.

Mwanangu alipokuja kukohoa miezi kadhaa baadaye, sikumwambia mtu. Nilimchemshia tangawizi, nikamlaza, nikawa naweka sikio kifuani kwake nasikiliza. Mungu alitustiri, akapona. Bibi alipopata habari alinigombeza mpaka nikalia, na hata wakati ule nilishindwa kumwambia kwamba hela ya chama niliogopa kuigusa tena.