Nyasi za mgeni zilivyonyoosha kipimo cha mashine yetu Muleba

Wakuu, wakubwa shikamooni, wadogo marahaba kabisa. Mimi ni bibi wa Kashai, na haya yalinitokea mwenyewe, sijaongeza chumvi.

Enzi za ujamaa nilikuwa fundi wa mashine ya kukoboa kahawa ya kijiji kimoja Muleba. Binti, suruali, spana mkononi! Nilikuwa najisikia hatari.

Mashine ilikuwa na kipimo cha speed: kisanduku mezani chenye vijiti vya chuma, kimeungwa na mashine kwa waya. Kijiti kinachotetemeka ndicho kinakuonyesha kasi ya mzunguko.

Tatizo, vilitetemeka viwili! Pampu ya maji chumba cha pili ilitikisa sakafu, sakafu ikatikisa meza, kipimo kikasema mashine inakimbia mno.

Na mkaguzi alikuwa njiani kutoka Bukoba. Akiona hivyo, mashine inapelekwa kijiji kingine, Rubafu, na sisi tunarudi kutwanga kwa kinu.

Nikaifunga meza sakafuni kwa boliti. Error ikazidi! Nililia, jamani.

Siku ya ukaguzi nakuta akina mama wa kijiji wamefungua boliti zangu, wametandaza nyasi chumba kizima, meza juu yake. Nikawaka. Kiongozi wao, Mama Koku, akanishangaa:

"Waitu, mwanangu! Mgeni akanyage sakafu tupu? Unataka watuseme?"

(Kwetu Wahaya mgeni hutandikiwa nyasi. Lakini kwenye mashine?)

Nikawasha mashine na pampu kwa hasira. Kikatetemeka kijiti kimoja tu! Nyasi zimemeza mtikisiko wote. Nilimkumbatia Mama Koku mpaka kilemba kikadondoka.

Mkaguzi akaingia, tai shingoni. "Nyasi karibu na injini? Mnataka kuungua? Toeni!"

Zikatolewa. Vijiti viwili vikaanza tena kucheza.

"Mzee," nikamwambia, "niruhusu nirudishe za chini ya meza tu."

Akakubali. Nikaweka upande mmoja, kijiti cha uongo kikapungua. Basi mkaguzi akapiga magoti, tai inaburuza chini, anashindilia nyasi chini ya miguu mingine ya meza na kufoka, "Mama, leta nyingine! Hapa bado!"

Kikatulia. Vigelegele hadi barabarani. Mashine ikabaki kwetu!

Nilichojifunza: kipimo kikikudanganya, usikimbilie kukikaza. Angalia kwanza kimesimama juu ya nini.

Mafundi wa humu, ninyi mliwahi kutuliza kipimo kwa kitu gani cha ajabu? Mwageni, bibi nimeshavaa miwani.