Siku Sufuria Yangu Ilipoziba Redio ya Ghuba ya Manda

Afadhali niwasimulie mwenyewe, maana mkiisikia kwa mabaharia wa Amu mtaletewa imetiwa chumvi, na wallahi haihitaji chumvi, aibu yenyewe ilinitosha hata nikawa napita vichochoro vya nyuma kwenda sokoni, mimi Rukia mpishi wa harusi, ambaye zamani watu walinijua kwa biriani tu.

Nilikuwa na harusi Mkokoni. Mama wa bibi harusi, Bi Zena, alikuwa ameshanivuruga akili (kwanza pilau, kisha biriani ya mbuzi, kisha la, ya kuku, na mbuzi nimeshamchinja), kwa hivyo tuliondoka Amu tumechelewa na kichwa kinanigonga. Yeye na wageni wa kike walitangulia kwa boti kubwa. Mimi nikafuata kwa boti ndogo ya binamu yangu Athumani, na mchele wangu, na sufuria kubwa ya masala ya kuku, kifuniko nimekifunga kwa kanga.

Tulipotoka mkondo wa Mkanda tukaingia ghuba ya Manda, mawimbi yakaanza na sufuria ikaanza kuteleza. Nikatafuta pa kuikita, nikaona kando ya usukani pana kishubaka kizuri, ila ndani yake kimelazwa kile kidude cha kuongelea cha redio, redio ya bahari ambayo manahodha wote husikilizana humo, wao na meli na watu wa bandari. Athumani alikuwa ameinamia mashine. Sikumuuliza. Nikakisukuma kidude pembeni, nikaikandamiza sufuria hapo, ikatulia tuli, nikajiona mwerevu kweli.

Basi mdomo ukafunguka.

"Athumani, yule Bi Zena ananiamrisha mimi, Rukia, ambaye nimepikia harusi nti hii yote! Na mwenyewe wali wake unashikana kama saruji! Na ile dhahabu anayoringia, nusu yake kaazima kwa wifi yake!"

"Dada, mambo ya watu hayo."

"Nani atanisikia huku? Samaki? Hata sufuria yangu hapa juu ya redio yako haitikisiki, imenyamaza inanisikiliza!"

Nikaendelea (na mnanijua nikianza) mpaka tukafika kwenye mlango baina ya Manda na Pate, ambapo meli kubwa huingia bandarini zikipita katikati ya maboya mekundu na ya kijani, na kweli ilikuwapo moja inaingia, imepakiwa makontena mpaka juu.

Athumani akapunguza mwendo. "Dada, meli hiyo yaja. Ndia ni yake, natuingoje ipite."

"Tungoje mpaka masala yachache? Mbona inajivuta kama kobe! Pita mbele yake."

Akasita, akaitazama redio. "Kimya. Wangekuwa na neno wangesema." Akafungua mashine.

Sasa sikilizeni. Tulipofika katikati ya njia, mashine ikakohoa, ikanyamaza. Kamba ya nailoni ilikuwa imejisokota kwenye panga la mashine, lile linalozunguka majini. Athumani akajilaza nyuma na kisu, anakata huku anasoma dua, nami nikainua macho, na ile meli niliyoiita kobe ilikuwa imekua, imekuwa jumba, imekuwa mtaa mzima wa chuma unaonijia. Ikapiga honi tano fupi, kifua kikatetemeka. Kusimama haiwezi, ina uzito huo, na kukwepa haiwezi, nje ya maboya kina ni kifupi. Nikapunga kanga. Kanga! Kama naita bodaboda.

Boti ya bandari ikatokea kwa kasi, juu yake kijana wa bara mwenye kipaza sauti, na neno la kwanza alilosema, mbele ya bahari yote, lilikuwa: "Bi Rukia! Toa sufuria juu ya redio!"

Nikaduwaa. Jina langu kalijuaje? Nikainyanyua sufuria, na redio ikalipuka kwa sauti: rubani wa meli sauti imemkauka kwa kuita, "Boti nyeupe, ondoka njiani, boti nyeupe!", na nyuma yake watu wanacheka, na nyuma ya vicheko sauti moja ya kike ninayoijua, kutoka ile boti kubwa iliyotangulia, imetulia kabisa: "Rukia, dhahabu ni yangu."

Walitutupia kamba, wakatuvuta. Meli ikapita karibu mno hata nikaiona kutu yake, na mawimbi yake yakaipindua sufuria. Masala yote miguuni pangu.

Yule kijana hakucheka. "Mama, kitufe cha kuongelea kilikuwa kimefinywa na sufuria muda wote huo. Ukikifinya wewe, wengine wote wanakuwa mabubu. Rubani alikuwa anawaita nyinyi, na pia wavuvi wa jarife kule mbele, wenye wavu mkubwa majini. Hawakumsikia. Wamekata jarife wakakimbia."

Nikageuka nikawaona, watu wanne ndani ya mashua, wanatazama maji yalipokuwa na jarife lao. Hapo ndipo nililia. Kwa Bi Zena ningeweza kujitetea, lakini wale niwaambie nini?

Athumani akamaliza kuikata ile kamba, akawasha mashine, tukafika Mkokoni. Bi Zena alikuwa ufukweni, na wageni wote nyuma yake, nikajiandaa kutukanwa. Akanitazama nilivyolowa mchuzi, akasema, "Mpeni nguo kavu. Kuku wengine wapo, tutapika pamoja." Akanikalisha jikoni karibu naye mchana kutwa, kila mwanamke aliyeingia akinitazama na kuuma midomo asicheke. Matusi yangekuwa nafuu.

Wale wavuvi niliwafuata baadaye na Athumani, tukawasaidia kushona jarife jingine, vidole vikanivimba, na hawakunisemesha sana, nami sikuwalaumu.

Kusengenya sikuapa kuacha, ningekuwa naongopa. Ila sitamhimiza tena nahodha akatize mbele ya meli, hata harusi ikiwa yangu mwenyewe, na nikiona redio chomboni nakaa mbali nayo, mikono mapajani. Nahodha akisema tungoje, nangoja, na ulimi wangu nao unangoja.