Jalada la Mayala

Zamoyoni, karani wa mahakama ya mwanzo moja pembeni mwa Mhunze, alikuwa na sauti ambayo wenye kesi waliisikia wakiwa bado kule kwenye mashine ya kusaga. Aliringia sauti hiyo kuliko mshahara wake. Kingine alichoringia ni majalada. Kwake yeye jalada halikufungwa kwa maneno ya mdomo. Liwe na karatasi ya kulifunga, la sivyo tarehe yake ikifika jina litaitwa mlangoni mara tatu, kisha liandikwe yupo au hayupo, hata kama dunia nzima inajua mwenye jina yuko wapi.

Na alipo Mayala, dunia nzima ilijua. Alishtakiwa kwa kumpiga jirani, akapata dhamana, akakimbilia machimboni Geita. Huko duara, shimo la kuchimbia dhahabu, likamfukia, na mwili haukupatikana. Bila mwili, mtendaji wa kijiji aligoma kuandika barua ya kifo. Basi Zamoyoni akaendelea kumwita.

Siku moja mama wa marehemu, Mbuke, alimfuata ofisini.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Nakuomba usimwite tena mwanangu. Ukimwita tu, jioni anakuja nyumbani. Mbwa wanaingia uvunguni. Asubuhi nafagia matope mlangoni, na mvua yenyewe hakuna. Mwache apumzike."

"Pole sana, mama. Lete barua ya mtendaji, nitalifunga siku hiyohiyo."

Hakumwambia kwamba hata yeye, kila akiliita jina lile, pua yake ilijaa harufu ya udongo mbichi. Mtu mzima na kazi yake, ataanzaje kusema hivyo?

Mbuke alimganda mtendaji mpaka huyo akachoka, akaandika barua. Tarehe ilipofika, mama alikuja na barua mkononi. Zamoyoni alishusha pumzi. Lakini utaratibu ni utaratibu: kwanza jina liitwe, ndipo barua ipelekwe kwa hakimu. Akasimama mlangoni, jua la saa sita likiwaka.

"Mayala!"

Akaita tena.

"Mayala!"

Watu barazani wakaacha soga. Mara ya tatu aliisukuma sauti kwa nguvu.

"Mayala!"

"Nipo."

Ilitoka chini ya sakafu, taratibu, sauti ya mtu aliyechoka kungoja. Mtu mmoja akatupa baiskeli yake akatimua mbio. Zamoyoni aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa maishani.

Ndani, hakimu ambaye hakusikia kitu aliuliza, "Karani, yupo au hayupo?"

Zamoyoni alimgeukia Mbuke. Akamnyooshea mkono ampe ile barua, jambo liishe.

Mama alikuwa amepiga magoti, kiganja kimelalia saruji, machozi yanamtiririka. Barua alikuwa ameishindilia kifuani, ndani ya gauni.

"Sina barua, mheshimiwa," alisema kwa sauti ya kusikika. "Naomba mwanangu apangiwe tarehe nyingine. Iwe ya karibu."